Umeuziwa mpingo, kerezo linasema vingine

Ijumaa moja baada ya sala, mzee mmoja wa mtaani alinirudishia tasbihi ya mpingo niliyomkerezea kwenye kerezo, ile mashine ya kuzungushia mbao wakati wa kuichonga. Alizitoa punje zile 33 mfukoni, kisha akaugeuza mfuko wa kanzu nje ndani. Palikuwa na doa la kahawia yenye uzambarau, kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. "Mwanangu," akasema, "ungalinambia ni rangi ya viatu, ningalijua pa kuiweka."

Nilikata uzi, nikachukua punje moja, nikaipasua kwa patasi mbele yake. Nyeusi mpaka kwenye tundu. Mpingo ulikuwa mpingo. Kosa lilikuwa langu: sikuuziba kwa kitu chochote, na mzee hujipulizia manukato ya spiriti viganjani kabla ya kwenda msikitini. Spiriti huyeyusha rangi ya mpingo kama maji yanavyoyeyusha sukari. Nilimkerezea nyingine, nikaipaka shelaki, ule utomvu wa kung'arishia mbao, tabaka tatu nyembamba, halafu vanishi isiyoyeyuka kwa spiriti, kwa kuwa shelaki peke yake huyeyuka. Kanzu ilibaki deni.

Doa hilohilo lingeweza kuwa la mti mweupe uliopakwa rangi. Dalili moja, sababu mbili, na dawa zake hazifanani. Mbao nzito zinazotufikia hapa Mombasa huja kwa njia nyingi: gogo la shambani, tendegu la kitanda cha zamani, bonge lililotoka kwenye ukarabati wa meli Kilindini, mkia wa mbao uliobaki kwa mchongaji wa Changamwe. Zote huja na jina, na jina ni la muuzaji. Mimi siku hizi jina naliandika kwa penseli, na kwa wino naandika baada ya kukata.

Rangi inatoka

Chukua kitambaa cheupe, kitie spiriti, sugua mahali pasipoonekana.

Kitambaa kikiwa cheusi kama masizi, na pale uliposugua panaanza kupauka, umeuziwa rangi. Vinyago na bakora nyingi za watalii pwani hupakwa rangi ya viatu, na chini yake huwa ni mwarobaini, jakaranda au muhugu. Si dhambi ikiwa mnunuzi ameambiwa. Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu chini ya kitako ukaone.

Kitambaa kikipata rangi ya zambarau zilizoiva, zile zinazochafua ulimi, na mti haupauki, hiyo ni damu ya ukoo wa mpingo, ambao wataalamu huuita Dalbergia. Sesemi, ile mbao ya samani za India, pia imo katika ukoo huo, kwa hiyo usiseme mpingo mpaka upime uzito.

Kitambaa kikiwa cha manjano, tena kwa maji matupu, fikiria mbambakofi. Vitundu vyake hubeba unga wa manjano unaoyeyuka ukipata unyevu. Usimkerezee mtu chombo cha kuwekea vitambaa vyeupe vyenye majimaji kwa mti huo.

Na kitambaa kikibaki karibu kama kilivyokuwa, ilhali mti ni mweusi hadi ndani? Hapo naegemea upande wa abnusi ya kutoka Afrika ya Kati au Asia, yaani ukoo wa Diospyros. Lakini siapi bado. Naenda kwenye maranda.

Kinazama majini, kwa hiyo ni mpingo?

La. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mwezi. Muuzaji anatumbukiza kipande kwenye ndoo, kinakwenda chini, basi bei inapanda. Mkoko mbichi unazama. Mwarobaini uliokatwa juzi unaweza kukaribia kuzama. Maji yaliyomo ndani ya mti ndiyo yanayouvuta chini, na muuzaji anakuuzia maji kwa bei ya mpingo.

Pima kipande kikavu kwa mizani ya jikoni. Mimi hukata bonge la sentimita 5 kwa 5 kwa 10. Mpingo mkavu wa kipimo hicho huwa karibu gramu 315. Abnusi ya Gabon karibu 240. Muhugu huwa kwenye 230 hivi, sesemi ya India kama 205, mbambakofi karibu 200, mvule 165 na mninga 160. Miti haitoki kiwandani, kwa hiyo kila namba iache ipande na kushuka kidogo. Hata hivyo, kutoka 315 hadi 240 ni mbali mno kwa mtu kukosea. Kipande cheusi chenye gramu 240 hata kikiwa kizuri namna gani, si mpingo.

Kama huna bonge la mraba, kereza kijiti kilichonyooka cha sentimita 20, ukitie alama kila sentimita mbili, kisha ukisimamishe ndani ya gilasi ndefu nyembamba yenye maji. Alama 9 kati ya 10 zikizama, uzito wake ni sehemu 9 kati ya 10 za uzito wa maji. Kikizama chote na kugonga kitako cha gilasi, una mpingo, au lignamu (mti mzito wa Karibi, tutaufikia mbele), au kijiti kibichi. Kiweke juu ya dari wiki kadhaa, upime tena.

Tazama pia ukubwa. Mpingo ni mti mfupi, mwembamba, wa kupinda, wenye mifereji kwenye shina, na unachukua miongo mingi kufika unene wa kuvunwa. Mara nyingi moyo wake una ufa au uwazi. Mtu akikuletea ubao mweusi mpana kama sinia, safi, hauna nyufa wala mstari mweupe, muulize kwa upole ameutoa mti gani. Mimi nikikosa ule ukanda mwembamba wa manjano hafifu pembeni, unaokatika ghafla kuingia weusi, huwa naanza kukuna kichwa.

Maranda hayafanani

Fungasha kipande kwenye kerezo, noa patasi vizuri, ukate mkato mmoja mwembamba. Usianze na msasa. Msasa huficha kila kitu.

Mpingo hukatika kama pembe ya ng'ombe. Ukitoka kwenye patasi tayari una mng'ao, na ukiinua uzi mwembamba wa randa kwenye jua la mlangoni, ukingo wake si mweusi. Ni kahawia ya zambarau. Ushikamanifu wake ndio unaofanya watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya wauhitaji: unakubali skurubu, unakubali tundu jembamba, haupasuki kirahisi kwa pumzi ya mpulizaji. Mwingi wao hutoka Tanzania na Msumbiji.

Abnusi hukatika kwa kuvunjikavunjika. Maranda yake ni mafupi, unga wake ni mweusi wa kijivu kama makaa yaliyosagwa, na mikono inakuwa kama ya muuza makaa wa Kongowea. Ukilazimisha ncha nyembamba inameguka. Kama unakereza kete za sataranji na kila taji linavunjika, kabla ya kulaumu mkono wako, tazama unga uliomo sakafuni.

Mkwaju nao hudanganya. Moyo wake ni wa kahawia iliyokolea hadi weusi, mgumu kwelikweli, unamaliza makali. Lakini moyo huo ni mdogo na una umbo la ovyo katikati ya mbao pana ya manjano hafifu, na mpaka wao si mstari kama wa mpingo. Nimekereza michi ya kinu kwa mkwaju, ni mizuri mno. Ila usimwambie mtu ni mpingo.

Kwa wenye macho makali: kata upande wa kichwa cha mbao kwa wembe mpya, ulowanishe kwa mate au maji, utazame kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Mvule una vitundu vikubwa vilivyozungukwa na alama nyeupe kama mabawa. Mbambakofi una vitundu vyenye jicho la umbo la kashata karibu na kila kimoja. Mpingo vitundu vyake ni vidogo na vimetawanyika. Muhugu hata kwa lenzi ni taabu kuviona. Wembe ukiwa butu, utaona mikwaruzo tu na utajitungia mti usiokuwepo.

Tendegu jeusi, lakini jepesi

Mji wa Kale bado una vitanda na viti vya sesemi vilivyoletwa kutoka India au kutengenezwa kwa mbao za huko. Mtu huja na tendegu moja lililovunjika na kuomba lingine la mpingo, kwa kuwa bibi yake daima alikiita kitanda cha mpingo.

Usikubali haraka. Vanishi kuukuu na moshi wa udi wa miaka hufanya kila kitu kiwe cheusi. Kwangua ndani ya tundu la kiungo, pale pasipofikiwa na mkono wa kusafisha. Sesemi itaonyesha kahawia ya zambarau yenye mistari myeusi, na ukiikata itatoa harufu tamu, kama waridi lililokauka. Inaelea. Ukiweka tendegu la mpingo kando ya matatu ya sesemi, litakuwa zito kwa karibu nusu zaidi, litang'aa vingine, na baada ya miaka michache kila mgeni atajua ni lipi jipya. Mimi hutafuta mguu wa kiti kilichokufa cha aina ileile. Unapatikana ukiwa na subira na ukiwa na marafiki kwa wauza samani kuukuu.

Unageuka kijani

Kijana mmoja anayefanya kazi za ukarabati wa vyombo aliniletea vipande viwili vya mbao vilivyopinda kama vipande vya pipa. Vizito kama chuma, vya kahawia iliyochafuka mafuta. Akasema mpingo wa meli. Nilipokata, ndani palikuwa na rangi ya zeituni, maranda yakateleza vidoleni kama yamepakwa nta, na harufu tamu ikajaa kibandani. Niliyaacha maranda dirishani. Kesho yake yalikuwa ya kijani zaidi.

Huo ni lignamu, mti wa visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Meli za zamani ziliutumia kama bapa za kushikia mhimili wa rafadha, kwa sababu una utomvu wake wa kujilainisha ndani ya maji. Vilevile ndio uliotengenezewa mipira ya kuviringisha kwenye viwanja vya nyasi vya vilabu vya Waingereza. Uzito wake ni sawa na wa mpingo, kwa hiyo mizani haikusaidii. Kinachotenganisha ni rangi ya maranda, ule mtelezo wa nta, na nyuzi zake zilizosukana huku na huku, kiasi kwamba huwezi kuupasua kwa shoka kwa mstari ulionyooka. Upo mti wa Amerika ya Kusini unaofanana nao sana, nao pia unageuka kijani. Kwa kazi ya kukereza wote wawili ni ndugu.

Gundi ndiyo shida yake. Kama umebandika kipande na kikabanduka kama ganda la yai, utomvu ndio chanzo. Futa kwa asitoni, subiri ikauke dakika chache, paka gundi mara moja. Ukichelewa, utomvu unarudi juu.

Unanukia sandali

Muhugu huuzwa kwa jina la sandali, na harufu yake inasaidia udanganyifu. Ukiukereza, kibanda kinanukia kama chumba cha bibi harusi aliyesuguliwa liwa. Rangi yake ni manjano ya kahawia yenye mistari iliyokolea, laini, ngumu, na vipande huwa vidogo kwa kuwa shina lake lina mikunjo na mara nyingi ni tupu katikati. Ulivunwa mno kwa ajili ya wachongaji, ukiwemo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ndiyo maana wachongaji wengi wa Changamwe walihamia mwarobaini.

Sandali ya kwetu, ile ambayo wataalamu huiita Osyris, ni kichaka au mti mdogo, na serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Kwa hiyo mtu akikupa gogo nene la "sandali" kwa bei ya kirafiki, ama ni muhugu, ama ni matatizo na polisi. Uliza mara mbili.

Tasbihi ya muhugu usiipake vanishi. Utaifungia harufu, na mnunuzi atadhani umemuuzia mti mwingine uliopakwa rangi.

Vanishi imekaa siku nne bado inanata

Watu hulaumu unyevu wa kusi, au kopo la vanishi lililochakaa. Inawezekana. Jaribu vanishi hiyohiyo kwenye kipande cha msonobari. Ikikauka usiku mmoja pale, na kwenye kazi yako bado inanata, huenda una mti wa ukoo wa mpingo. Baadhi ya kemikali zilizomo ndani yake huzuia vanishi ya mafuta isikauke. Futa yote kwa asitoni, paka shelaki kwanza, iache ikauke, halafu endelea. Mara mbili nimeujua mti kwa njia hii, baada ya kuwa nimeshamwahidi mteja kazi itakuwa tayari Jumamosi.

Kitu kimoja kinakula makali

Unakereza vizuri, ghafla patasi inatoa cheche au mlio wa jiwe. Kabla ya kuutukana mvule, jua kwamba ndani yake huota mawe ya chokaa, mengine makubwa kama punje ya choroko, mengine zaidi. Jiwe likionekana, lichimbue kwa ncha ya kisu, jaza shimo kwa unga wa mbao na supa gluu. Mtiki hufanana na mvule kwa mbali, ila una pete za mwaka zinazoonekana, unanuka kama ngozi ya kiatu, na makali huisha polepole kwa mchanga mdogo uliomo ndani, si kwa jiwe moja.

Mbambakofi au mninga?

Vyote vyekundu vya kahawia, vyote vizuri, vyote huitwa kwa jina la mwenzake kulingana na bei ya siku. Mizani inatosha mara nyingi: 200 dhidi ya 160. Lakini kuna mchezo mmoja ninaoupenda. Tia maranda kwenye gilasi ya maji safi, koroga, acha dakika kumi. Zima taa, mulika kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Maji ya mninga, na ya jamaa zake wa ukoo wa Pterocarpus, hung'aa buluu ya kijani kana kwamba kuna mtu ameficha simu ndani ya gilasi. Mara ya kwanza nilipowaonyesha vijana wa kibandani waliniambia nisome Ayatul Kursiy.

Ufa umetokea baada ya kumaliza

Hapa mti wenyewe huwa umekwisha jitambulisha, tatizo ni sisi. Mpingo na abnusi hukauka polepole sana, na vichwa vyake hupasuka kwanza. Gogo likifika, paka vichwa nta ya mshumaa au rangi nzito siku hiyohiyo. Kereza kwa umbo la ziada, acha mwezi au miwili mahali pasipo jua, ndipo umalize. Msasa wa kasi hupasha moto na kuacha nyufa nyembamba kama unywele, na kwa abnusi ndiko kunakoharibika zaidi. Punguza kasi, gusa kwa kidole. Kama kidole hakivumilii, mti nao hauvumilii.

Kitu kingine ni hoteli. Kazi iliyokauka kwa hewa ya pwani, ikiwekwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, inapoteza maji upya. Nilipeleka bakuli la kuwekea funguo kwenye mapokezi ya hoteli, likapasuka ndani ya wiki tatu. Siku hizi huuliza kitu kitakaa wapi kabla sijataja bei.

Na kama mnunuzi anasafiri nje ya nchi, jina sahihi ni jambo la forodha pia. Tangu 2 Januari 2017 ukoo mzima wa Dalbergia uko chini ya masharti ya biashara ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika, na kwa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja. Kete za sataranji za mtalii mmoja hazifiki huko. Maboriti ya mpingo, hapana. Hayo yanahitaji vibali, na kwa Kenya mlango ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Ngozi inawasha, kifua kinabana

Niliiacha mwisho, ila ungeweza kuanza nayo. Unga wa mpingo, sesemi na abnusi huwasha ngozi ya baadhi ya watu, hasa palipo na jasho: shingoni, ndani ya viwiko, mstari wa mkanda. Mvule huleta vipele, na wengine pumu. Wewe ukiwashwa na mwenzako hawashwi, haina maana mti ni salama. Mwili wake bado haujachoka nao. Mimi mpingo ulinivumilia miaka kadhaa, kisha siku moja kope zilivimba hata nikashindwa kuona bomba la kerezo. Tangu hapo navaa barakoa ya vumbi yenye vichujio, fulana ya mikono mirefu, na sikerezi mpingo mchana wa jua kali la Februari. Nikimaliza naoga kabla ya kugusa mtoto. Mkeo akianza kulalamika vipele na wewe uko salama, tazama ile fulana unayoitupa kwenye kapu la nguo.